Kukuza sauti ya gitaa la nailoni na udi katika hafla ndogo za Garissa

Mpiga gitaa la nyuzi za nailoni akialikwa Garissa kwenye harusi ya watu sitini, au jioni ya mashairi katika ukumbi wa hoteli, hupimwa kwanza kama anasikika. Asiposikika, dakika kumi hazipiti mwenye shughuli atamwita kijana wa kinanda cha umeme, na ujira utaenda kwa kijana yule. Ndivyo gitaa hili na udi vinavyopungua shughulini kaskazini mashariki, na hata kwetu Pwani. Wapenzi wangalipo. Sauti ndiyo haifiki safu ya nne ya viti.

Nitazungumzia gitaa na udi pamoja kwa sababu shida yao ni moja. Wasomali huuita udi kaban, na ndio ala iliyobeba nyimbo zao za mapenzi tangu miaka ya 1940. Wapwani wengi hawajui kwamba Abdullahi Qarshe, anayehesabiwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Ahmed Ismail Hussein, aliyejulikana zaidi kwa jina la Hudeydi na aliyefunzwa na Qarshe, alikulia Aden akafariki London mwezi Aprili 2020. Huku kwetu, marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliishika ala hiyo hiyo mjini Mombasa hadi alipofariki mwaka 2016. Kwa hiyo mpiga udi wa Lamu akishuka basi Garissa hapeleki kitu kigeni. Wazee wa pale wataijua ala kabla hajaitoa kwenye mfuko.

Najua wapo wasomaji wasioona kheri katika ala za nyuzi. Mjadala huo una masheikh wake na sitauingia. Maelezo haya ni ya wale ambao tayari wanapiga, na ya wenye kumbi wanaowaalika.

Nailoni na sumaku

Pikapu ya gitaa la umeme (jina ni lile lile la gari, msicheke) ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake huitibua nguvu ya sumaku, na waya ule hutoa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Nailoni haina habari na sumaku. Zile nyuzi tatu nene za besi huonekana kama chuma, lakini ndani ni nyuzinyuzi za nailoni, na nje ni waya wa shaba uliopakwa fedha. Shaba haivutwi na sumaku, na fedha pia haivutwi. Nyuzi za udi ni hadithi ile ile.

Nalisema hili mapema kwa sababu kuna ushauri mbaya unaozunguka vibandani: kwamba ukitaka gitaa lako la nailoni litoe sauti kubwa, livishe nyuzi za chuma kisha lifunge pikapu ya bei rahisi kwenye tundu. Usikubali. Seti ya nyuzi za nailoni hulivuta gitaa kwa uzito wa kilo 40 hivi kwa jumla. Seti nyepesi ya chuma huvuta kilo 70 na zaidi. Gitaa la nailoni limejengwa kwa ubao mwembamba na vipande vyepesi vya kuushikilia kwa ndani. Ukiliongezea kilo 30 za mvuto, ubao wa uso utavimba nyuma ya daraja, shingo itapinda mbele, na siku ya joto daraja lenyewe litang'oka kwa kishindo. Gitaa la namna hiyo halirudi lilivyokuwa.

Zinabaki njia tatu: maiki mbele ya ala, piezo chini ya mfupa wa daraja, au piezo ya kubandika juu ya ubao.

Maiki

Kwa sauti tamu hakuna kinachoishinda maiki. Inachukua mbao, vidole, na hewa ya ndani ya gitaa, jinsi sikio linavyosikia. Na huhitaji kulitoboa gitaa la watu.

Maiki ya kawaida ya jukwaani, kama Shure SM57 iliyoanza kuuzwa mwaka 1965 au ndugu yake SM58, inatosha. Haihitaji umeme wake, inavumilia vumbi na kuanguka. Maiki za kondensa husikia zaidi na kwa upole zaidi, lakini zinataka volti 48 kutoka kwenye miksa, na kwa kuwa zinasikia kila kitu zitasikia na jenereta, na mtoto anayelia, na vikombe vya chai. Mimi ningeiweka kondensa kwa ajili ya chumba kilichotulia tu, penye kisomo cha mashairi na watu wanaonyamaza.

Kosa la wengi ni kuilenga maiki kwenye tundu la gitaa. Pale hutoka mngurumo wa besi unaomeza nyuzi nyembamba. Ilenge mahali shingo inapoungana na mwili, karibu na freti ya 12, umbali wa sentimita 15 hadi 25, ukiiinamisha kidogo kuelekea tunduni. Kwa udi, tafuta mahali kati ya daraja na lile tundu kubwa, upande wa chini kidogo, ili risha isisikike kama mtu anayekwangua sufuria. Umbali ni jambo kubwa: ukiisogeza maiki kutoka sentimita 40 hadi 20, unapata ongezeko la desibeli 6 hivi bila kugusa kitasa chochote, na spika haitapiga mluzi mapema. Lakini ukikaribia mno, besi hufura. Ndiyo tabia ya maiki hizi.

Sasa ubaya wake. Katika shughuli za Garissa maiki si yako. Mshereheshaji ataihitaji, mzee wa upande wa bwana harusi atataka kusema mawili matatu, kisha itaombwa kwa ajili ya dua, na mtu hawezi kumkatalia sheikh maiki. Kama sauti yako yote inategemea maiki moja, utakaa na ala yako mapajani ukingoja. Halafu mpigaji hutikisika. Mpiga udi hasa, nyimbo ikimkolea, huondoka mbele ya maiki bila kujua, na sauti inaenda na kurudi kama wimbi. Zipo maiki ndogo za kubana kwenye ubavu wa ala, kama DPA 4099, ambazo huondoa tabu hii ya pili, ila bei yake inaweza kulishinda gitaa lenyewe.

Piezo

Piezo ni kitu kinachotoa umeme kinapobanwa. Kwenye gitaa huwa ni ukanda mwembamba unaolazwa chini ya mfupa mweupe wa daraja. Kila uzi unapotikisika huubana ukanda, na ukanda hutoa umeme. Haijali kama uzi ni nailoni au ni utumbo wa kondoo. Haisikii mshereheshaji wala jenereta, na mluzi wake huchelewa kuja. Ndiyo maana magitaa mengi ya nailoni yanayouzwa na tundu la jeki huwa na piezo ndani.

Fundi anayekufungia piezo lazima ajue mambo mawili. Kwanza, sakafu ya mfereji wa mfupa iwe bapa kabisa. Ikiwa na kibonde chini ya uzi wa tatu, uzi huo utakuwa bubu huku wa pili unapiga kelele, na hakuna kitasa cha kurekebisha hilo. Pili, mfupa usuguliwe chini kwa unene ule ule wa ukanda ulioongezwa, ama sivyo nyuzi zitapaa na vidole vitaumia.

Jambo la tatu si la fundi, ni la mpigaji, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Piezo isiyo na kikuzio chake cha ndani haipendi kuunganishwa moja kwa moja na miksa. Inataka mlango wenye ukinzani mkubwa, ohm milioni moja kwenda juu. Mlango wa kawaida wa miksa huwa na ohm elfu kumi hivi. Ukichomeka pale, besi yote inapotea na gitaa linasikika kama redio ndogo iliyowekwa kwenye mkebe. Watu husema piezo ni mbovu, wakainunua nyingine, kumbe kilichokosekana ni kikuzio kidogo katikati, au kisanduku cha DI chenye ukinzani mkubwa. Kikishakuwapo, DI hukuwezesha kupeleka sauti kwa waya wa maiki mita 30 au zaidi hadi kwa fundi wa mitambo bila kuokota kelele njiani.

Hata ikifungwa vizuri, piezo ina sauti yake ya plastiki, hasa ukipiga kwa nguvu. Punguza kidogo sauti za kati za juu, pale karibu na Hz 2,000 hadi 3,000, na upige kwa mkono mwepesi. Amplifaya ipo kwa ajili ya kubeba nguvu. Mkono usishindane nayo.

Mpiga udi hana bahati hiyo. Daraja la udi wa kawaida limegundishwa kwenye uso na nyuzi zimefungwa hapo hapo. Hakuna mfupa wa kulaza ukanda chini yake. Yeye atatumia piezo ya kubandika, kile kisahani kidogo kama sarafu. Kibandike kwa gundi laini inayobanduka, kamwe usitumie gundi ya papo kwa papo juu ya uso wa udi. Anzia karibu na daraja, upande wa nyuzi nyembamba, piga, sogeza kwa upana wa kidole, piga tena. Tofauti ya sentimita mbili huwa kubwa ajabu. Kisahani hiki husikia pia kila mguso wa mkono kwenye ubao, na kofi la risha, kwa hiyo kinataka mpigaji mwenye adabu ya mkono.

Wenye uwezo huchanganya: piezo kwa nguvu na maiki kwa utamu, kila moja na kitasa chake. Maiki ikichukuliwa kwa dua, piezo inabaki.

Kisanduku cha kutolea sauti

Amplifaya ya gitaa la umeme haifai hapa. Imetengenezwa kuipaka sauti rangi, na spika yake huishia karibu na Hz 5,000. Ule mng'ao wa nailoni unabaki ndani ya sanduku. Kinachotakiwa ni kitu kinachotoa sauti kama ilivyoingia: amplifaya ya ala za mbao, amplifaya ya kinanda, au spika ya kawaida ya ukumbini yenye nguvu zake ndani.

Majina yanayojulikana ni pamoja na Fishman Loudbox Mini yenye wati 60, AER Compact 60 kutoka Ujerumani ambayo nguvu yake iko kwenye jina, na Roland CUBE Street EX ya wati 50 inayoweza kwenda kwa betri nane ndogo za AA. Zote zina milango ya ala na ya maiki pamoja. Huo mlango wa pili usiudharau. Ndio unaomwezesha mtu mmoja kuimba na kupiga bila kukodi mitambo. Kama nalazimishwa kuchagua kitu kimoja kwa ajili ya hafla za watu thelathini hadi themanini kaskazini mashariki, nitachagua kisanduku cha milango miwili kinachotumia betri, hata kama nguvu yake ni ndogo kuliko cha jirani.

Kuhusu wati, msidanganyike. Ukiongeza wati mara mbili, kutoka 30 hadi 60, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo wasikilizaji wengi wataiona kwa shida. Sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, inahitajika nguvu mara kumi hivi. Na zile sanduku zilizoandikwa PMPO 3000 kwa wino mwekundu, herufi hizo hazina maana yoyote ya kipimo. Tafuta neno RMS. Kama halipo popote, rudisha sanduku kwenye rafu.

Kama ni watu ishirini katika chumba cha kuta za mawe, usikuze kitu. Kaa katikati yao, upige. Muziki huu ulianzia barazani.

Mluzi

Spika inapopiga mluzi au kunguruma, maana yake maiki imeisikia spika, ikaipelekea sauti yake yenyewe, ikairudisha tena, duara bila mwisho. Dawa ya kwanza ni mahali pa kukaa: spika iwe mbele ya mpigaji, imegeukia watu, na mgongo wa maiki uielekee spika. Wengi hufanya kinyume, wakaweka spika nyuma yao ili wajisikie.

Gitaa la nailoni lina mngurumo wake maalumu. Hewa iliyo ndani ya mwili wa gitaa hupenda kuvuma karibu na Hz 100, si mbali na uzi mnene wa E ambao uko Hz 82. Ukikuza sauti, hapo ndipo gitaa litaanza kunguruma lenyewe hata hujaligusa. Amplifaya nzuri huwa na kitasa cha kukata masafa membamba. Kizungushe taratibu hadi mngurumo ukome. Kama hakipo, punguza besi. Kile kitufe chenye alama ya duara lililokatwa kwa mstari hugeuza mwelekeo wa wimbi, nacho wakati mwingine hukata mngurumo mara moja. Kibonyeze usikilize, kisha uchague upande uliotulia. Kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa nacho husaidia kama unatumia piezo. Kwa maiki, usizibe.

Kumbi zenye sakafu ya vigae na dari ya mabati hurudisha sauti kutoka kila upande. Humo usiongeze mwangwi wa mashine hata kidogo, na usishangae ukumbi ukibadilika watu wakijaa, kwa kuwa nguo na miili hunywa sauti. Pima sauti ukumbi ukiwa mtupu, lakini acha nafasi ya kuongeza. Nje ni kinyume: hakuna kuta za kukusaidia, na kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka desibeli 6. Hapo mwangwi kidogo unafaa, na maiki ivishwe sifongo kwa ajili ya upepo.

Watu wakikaa mikekani, masikio yao yako chini. Spika iliyopandishwa mita mbili juu ya stendi itawapita vichwani watu wa mbele na kuwapigia walio barabarani. Iweke juu ya kiti, au iinamishe.

Mahema mawili

Harusi nyingi za Waislamu, za Wasomali na zetu pia, huwa na hema la wanaume na la wanawake. Mpigaji yuko upande mmoja na upande wa pili unataka kusikia. Mwenye shughuli atasema tu, "Fundi, wavutie na akina mama waya." Waya utavutwa, spika ya pili itawashwa, na mpigaji ataanza kukosea mapigo bila kujua sababu. Sababu ni mwendo wa sauti. Kwa joto la Garissa sauti hukimbia mita 350 hivi kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 35 mbali humfikia mpigaji ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa nyimbo ya taratibu anavumilia. Kwa ya haraka anapotea. Spika ya pili ielekezwe mbali na mpigaji, na yeye awe na kisanduku chake karibu na goti ili sauti ya karibu imshike.

Na akina mama wakianza buraanbur, kwa ngoma na makofi, mpiga udi anyamaze. Hakuna amplifaya ya wati 60 itakayoshindana na ngoma ile, wala si adabu kujaribu.

Ruhusa na wakati

Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinataka kibali kwa anayetumia vipaza sauti nje katika makazi ya watu. Mwenye shughuli ndiye anayepaswa kukitafuta, lakini muulize kabla hujafunga safari, kwa kuwa polisi wakija watachukua mitambo na si kadi ya mwaliko. Hema likiwa karibu na msikiti, geuza mgongo wa spika upande wa msikiti na uwe na nyakati za sala mfukoni. Panga nyimbo zako ziishe dakika chache kabla ya adhana. Mpigaji anayekatwa katikati huonekana hana mpango, na yule aliyenyamaza mwenyewe hualikwa tena.

Umeme

Kituo cha umeme wa jua cha megawati 55 kilizinduliwa Garissa Desemba 2019, lakini umeme ukikatika ukumbini megawati hizo hazikufai. Usiende bila njia ya pili.

Betri ya gari ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 600. Kisanduku kinachokula wati 50 kwa wastani, ukitoa hasara ya inveta, kitakwenda saa tisa au kumi. Inatosha harusi na zaidi. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile rahisi za wimbi la ngazi huingiza mvumo kama nyuki kwenye spika, na hakuna atakayeamini kwamba tatizo si gitaa lako.

Jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwake, na uingoje itulie kabla ya kuchomeka. Volti hupanda ghafla inapowashwa au taa kubwa zinapozimwa. Mvumo wa chini usiokoma, wa Hz 50 au 100, hutokana mara nyingi na mashine mbili zilizochomekwa sehemu mbili tofauti. Zichomeke zote kwenye ekstensheni moja, au tumia DI yenye kitufe cha kukata ardhi ya waya wa sauti. Wapo mafundi watakaoikata pini ya ardhi ya plagi ili mvumo ukome. Wakatalie. Mwimbaji huweka midomo kwenye maiki ya chuma huku mikono imeshika ala iliyounganishwa na mashine nyingine, na ardhi ile ndiyo inayomlinda asipigwe na volti 240.

Safari na ukavu

Ala iliyozoea unyevu wa Mombasa au Lamu ikifika Garissa hukauka. Ubao hunywea, nyuzi hushuka na kuanza kugongana na freti, na ukiwa na bahati mbaya uso hupasuka kando ya daraja. Chukua kisanduku cha sabuni chenye matundu, weka ndani sifongo kilicholowa na kukamuliwa vizuri, kiache ndani ya mfuko wa gitaa, si ndani ya gitaa. Usiiache ala kwenye buti ya basi ukiweza kuipakata. Joto la mle hulainisha gundi ya daraja. Barabarani kuna vizuizi vya polisi, na sanduku lenye betri na waya litafunguliwa, kwa hiyo lipange ili lifungike na kufunguka haraka, na ubebe risiti.

Fika mapema uiache ala ipumue saa mbili tatu kabla ya kuitia tuni. Nailoni mpya hunyooka kwa siku kadhaa, basi usibadilishe nyuzi usiku wa kuamkia shughuli. Vitasa vikikwaruza ni vumbi. Vizungushe mara ishirini huku na huku mashine ikiwa imezimwa. Na kikuzio cha ndani ya gitaa hula betri ya volti 9 muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi. Chomoa waya wakati wa chakula, na uwe na betri ya akiba ambayo haijatolewa kwenye karatasi yake.